Namna ya kumuuguza sungura wako baada ya upasuaji

Sungura anaporejea nyumbani kutoka kwenye upasuaji, macho ya mfugaji hukimbilia kwenye mshono. Si ajabu, kwa kuwa mshono ndio unaoonekana. Hata hivyo, katika siku mbili tatu za mwanzo, hatari kubwa zaidi imo tumboni. Sungura ameumbwa awe anatafuna karibu muda wote, na utumbo wake huendelea kusukuma chakula kwa sababu nyuzinyuzi mpya zinaingia kila mara. Maumivu, woga, baridi na dawa za usingizi, kila kimoja kwa namna yake, hupunguza mwendo huo. Utumbo ukipunguza mwendo, gesi hujikusanya. Gesi ikijikusanya, tumbo huuma. Tumbo likiuma, sungura hukataa kula. Na asipokula, utumbo husimama kabisa. Mzunguko huo unaweza kumuua sungura ambaye mshono wake hauna kasoro yoyote. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitayarudia mara kwa mara maswali mawili: amekula, na je, amepata choo?

Maandalizi kabla hajatoka hospitalini

Kazi ya kumuuguza huanza kabla ya upasuaji wenyewe. Mbwa na paka hunyimwa chakula tangu usiku ili wasitapike wakiwa kwenye nusukaputi, lakini sungura hawezi kutapika, na kumlaza na njaa usiku kucha ni kuupunguzia utumbo wake kasi siku ambayo unaihitaji kuliko siku nyingine zote. Ukiambiwa umnyime chakula kwa saa nyingi, uliza kwa heshima kama maelekezo hayo yalikusudiwa sungura. Mpelekee na chakula chake alichozoea, pamoja na fungu la nyasi kavu kutoka nyumbani, ili akiamka akute harufu anayoijua.

Siku ya kumchukua, usiondoke na karatasi ya dawa pekee. Muulize daktari wa mifugo dawa gani ya maumivu amepewa na saa ngapi, na dozi inayofuata inatakiwa saa ngapi. Uliza dozi hiyo ni mililita ngapi, maana miligramu na mililita ni vitu viwili tofauti, na kosa hapa huwa kubwa kwa mnyama mwenye kilo 2. Uliza kama ameshakula mwenyewe na kama ameshapata choo. Hospitali nyingi zenye uzoefu na sungura hupenda kuona angalau kimojawapo kabla ya kumruhusu. Uliza nyuzi ni za kuyeyuka zenyewe au za kutolewa. Mwisho, uliza nani atapokea simu yako usiku wa manane, uandike namba hiyo mahali panapoonekana. Mimi huyaandika majibu yote palepale mezani, kwa sababu nimejifunza kwamba mtu aliyebeba sungura mgonjwa hukumbuka nusu tu ya anayoambiwa.

Msafirishe ndani ya kisanduku imara chenye taulo chini na nyasi kavu pembeni. Usimpakate mapajani njiani hata kama anaonekana amelegea, kwa kuwa sungura aliyeshtuka huweza kuruka ghafla kutoka katika usingizi.

Mahali pa kumlaza

Mtengee kizimba au kona ya chumba tulivu ndani ya nyumba, mbali na mbwa, paka na watoto wanaokimbia. Sakafu iwe tambarare bila ngazi, ghorofa wala kitu cha kupandia, na nafasi itoshe kumwezesha kujinyoosha na kugeuka, lakini isiwe kubwa kiasi cha kumshawishi akimbie. Chini tandika mataulo safi yenye rangi nyepesi. Ninasisitiza rangi nyepesi kwa sababu tone la damu, mkojo usio wa kawaida au majimaji ya mshono huonekana mara moja juu ya taulo jeupe, ilhali kwenye kitambaa cheusi utaligundua baada ya siku nzima. Ondoa maranda na vumbi la mbao, maana hunata kwenye kidonda. Trei ya choo iwe na ukingo wa chini ili asilazimike kuruka, na ndani yake weka karatasi badala ya mchanga. Maji yawe kwenye bakuli zito, hata kama kwa kawaida hunywa kwenye chupa ya kuning'inizwa; sungura mchovu hunywa kwa urahisi zaidi akiinamia bakuli.

Joto linahitaji uangalifu wa pande zote mbili. Joto la mwili la sungura mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi, na baada ya nusukaputi hushuka kwa urahisi kwa sababu mwili ni mdogo na manyoya yamenyolewa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya taulo nene na kuwekwa upande mmoja wa kizimba husaidia sana, mradi tu upande wa pili ubaki wazi ili aweze kujisogeza akihisi joto limezidi. Sungura hatoi jasho la kumpoza, bali joto lake hutoka nje hasa kupitia masikio, hivyo kumfunika gubigubi kwenye chumba chenye joto kali ni hatari sawa na baridi. Gusa masikio yake: yakiwa ya baridi kabisa na mwenyewe amelegea, mpashe joto taratibu huku ukipiga simu kwa daktari.

Saa 24 za kwanza

Tarajia sungura aliye mtulivu kuliko kawaida, anayesinzia, pengine akiyumba kidogo kwa saa chache. Usitarajie sungura asiyekula. Mwekee nyasi kavu mbele ya pua kabisa, pasipohitaji hatua hata moja, na uongeze majani mabichi yenye harufu kali aliyozoea, kama vile giligilani au majani ya karoti, yakiwa yameoshwa na kubaki na unyevunyevu. Mpe kwa mkono, jani moja moja. Epuka kumbembeleza kwa matunda, mkate au biskuti. Sukari na wanga huchachuka katika utumbo uliopoa na kuongeza gesi ileile unayojaribu kuizuia.

Jike wangu, ambaye tulimwita Pamba, alitolewa mji wa mimba akiwa na miaka 3. Alifika nyumbani alasiri, akajikunyata kwenye kona na kuupa mgongo kila kitu nilichomwekea. Nililala sakafuni kando yake. Alfajiri nilisikia mlio mdogo wa kukatika kwa kitu kikavu, nikawasha tochi ya simu: unyasi mmoja, mrefu kama kiganja, ulikuwa unaingia mdomoni mwake polepole, ukitikisika kila taya lilipozunguka, hadi ukaisha. Baada ya muda akavuta wa pili. Ilipofika asubuhi zilikuwapo punje sita za kinyesi kwenye taulo, ndogo na nyeusi, na nilizihesabu mara mbili.

Punje za kwanza baada ya upasuaji huwa chache, ndogo na pengine zenye umbo la ajabu. Hilo peke yake si tatizo, ilimradi siku ya pili na ya tatu ziongezeke ukubwa na idadi. Muda ndio kipimo. Ikiwa saa 6 zimepita tangu afike nyumbani na hajagusa chakula chochote, piga simu uulize kama uanze kumlisha kwa sirinji. Zikifika saa 12 bila kula na bila choo, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku na hata kama anaonekana ametulia. Wapo watu watakaokwambia umwache apumzike hadi kesho. Ushauri huo unawafaa wanyama wengine; kwa sungura, kesho huenda ikawa mbali mno.

Kumlisha kwa sirinji

Hapa ndipo wafugaji wengi huogopa, na hofu hiyo hupungua ukishaonyeshwa mara moja. Mwombe daktari akuonyeshe kabla ya kuondoka, hata kama hudhani utahitaji. Chakula chenyewe huwa ni unga maalumu wenye nyuzinyuzi uliotengenezwa kwa ajili ya sungura wagonjwa, unaokorogwa na maji ya uvuguvugu hadi uwe kama uji unaopita kwenye sirinji yenye ncha pana, isiyo na sindano. Ukikosa unga huo, chakula chake cha kawaida cha punje kinaweza kulowekwa hadi kilainike, kikapondwa na kuchujwa, kama suluhisho la kungoja kufika kwa daktari.

Keti sakafuni na umweke katikati ya mapaja yako, akitazama mbele kama unavyotazama wewe, ili akirudi nyuma akutane na mwili wako. Mzungushie taulo mwilini, kichwa kikiwa nje, bila kubana pale penye mshono. Asilazwe chali kamwe, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Nyuma ya meno ya mbele, kabla ya kufikia magego, kila upande wa mdomo una mwanya usio na jino. Inua mdomo wa juu kidogo kwa kidole, uingize ncha ya sirinji kupitia mwanya huo kutoka ubavuni, ikielekea upande wa pili wa mdomo, wala isilenge kooni. Sukuma nusu mililita, halafu subiri. Utaliona taya likianza kuzunguka na utahisi koo likimeza chini ya kidole chako. Ndipo usukume tena. Akikataa kumeza na uji ukatoka pembeni, ngoja. Akikohoa au kupiga chafya, acha kabisa kwa dakika chache huku kichwa kikiwa kimelegezwa.

Kiasi kinachotumika sana ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja, milo minne hadi sita kwa siku, lakini kipimo cha daktari aliyemwona sungura wako ndicho cha kufuata. Ukimaliza, mfute kidevu na shingo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu uji ukikaukia kwenye manyoya huunguza ngozi na kuvuta nzi.

Kuna hali moja ambayo hupaswi kumlazimisha kula. Tumbo likiwa limevimba na gumu kama ngoma, naye amelala kifudifudi bila nguvu, masikio na miguu ikiwa ya baridi, huenda utumbo umeziba. Kumjaza chakula kwenye utumbo ulioziba ni kumwongezea madhara. Mfungie ndani ya taulo lenye joto, ondoka naye mara moja.

Kuyatambua maumivu

Sungura ni mnyama anayewindwa, na mnyama anayewindwa haonyeshi udhaifu. Hatalia wala kuchechemea kwa namna ya kukuita. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu ya sungura kinachosoma uso wake katika sehemu tano: macho yanayofumbwa nusu, mashavu yaliyobonyea, pua iliyochongoka, sharubu zilizokakamaa na masikio yaliyosokotwa na kurudishwa nyuma. Njia nzuri ya kukitumia kipimo hicho nyumbani ni kumpiga sungura wako picha za uso siku za afya, akiwa ametulia, ili uwe na cha kulinganishia. Mtazame ukiwa mbali kidogo, kwa sababu ukimkaribia sana hujikaza.

Zaidi ya uso, angalia mkao. Anayeumwa hujikunyata huku tumbo limeinuliwa kutoka sakafuni, au hulikandamiza chini mara kwa mara, au hubadilisha mkao kila baada ya dakika chache kana kwamba hakuna unaomfaa. Sikiliza meno pia. Yapo makelele mawili yanayofanana: mtetemo mwepesi wa meno anapopapaswa kichwa na kuridhika, na msagiko mzito wenye nafasi kati ya mmoja na mwingine, mnyama akiwa amekodoa au kufumba macho. Huo wa pili ni maumivu.

Dawa ya maumivu inayopewa sungura mara nyingi kwa ajili ya nyumbani ni meloksikamu ya maji, ambayo wengi wao huipenda kwa utamu wake. Tikisa chupa kila mara kabla ya kuvuta dozi. Angalia sana sirinji iliyokuja na chupa hiyo: baadhi zimechorwa alama za kilo za uzito wa mbwa, na mtu akizisoma kana kwamba ni mililita humpa sungura dozi isiyo sahihi. Tumia sirinji ndogo ya mililita 1 iliyogawanywa katika sehemu za kumi. Usikatishe dawa kabla ya siku zilizoagizwa kwa sababu ameanza kuchangamka. Amechangamka kwa sababu dawa inafanya kazi, na kwa sababu hiyo anakula.

Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu uliyo nayo kabatini. Vilevile usimpe kwa mdomo antibayotiki iliyobaki kwa mtu au mnyama mwingine. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, pamoja na klindamaisini na linkomaisini, zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa sungura na kuwapisha bakteria wanaotoa sumu, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara katika siku chache. Sungura anayehitaji antibayotiki ana zake zinazomfaa, na kuzichagua ni kazi ya daktari.

Mshono

Ukague asubuhi na jioni kwenye mwanga wa kutosha. Usimgeuze chali: sungura aliyelazwa chali hutulia kwa sababu ya hofu, ingawa wengi hudhani anastarehe, na akizinduka hurusha miguu kwa nguvu inayotosha kufungua mshono au kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Mtu mmoja amshike akiwa amesimama kidogo kwa miguu ya nyuma, kifua kimeegemea mkono wake na makalio yameshikiliwa imara, wakati wa pili akiinama na kutazama. Ukiwa peke yako, ingiza simu chini ya tumbo lake na upige picha. Picha moja kila asubuhi, kutoka pembe ileile, itakueleza mabadiliko ambayo macho hayawezi kuyakumbuka, na daktari atafurahi kuziona.

Wekundu mwepesi, uvimbe mdogo na michubuko ya zambarau katika siku za mwanzo ni mambo ya kawaida. Kingo za ngozi zinapaswa kugusana. Kinachohitaji simu ni uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, joto, harufu, damu inayoendelea kutoka, au mwanya kati ya kingo. Usisubiri kuona usaha unaotiririka. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno iliyokauka na hautoki wenyewe. Hujikusanya chini ya ngozi na kuwa donge gumu, kwa hiyo donge ndilo dalili.

Usipake marhamu, spiriti, unga wala mafuta yoyote ambayo hukuagizwa, na usimwogeshe. Ngozi ya sungura ni nyembamba, naye hulamba kila kinachopakwa. Manyoya ya nyuma yakichafuka, safisha sehemu hiyo tu kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha kausha vizuri. Nzi nao wanahitaji kutajwa, hasa wakati wa joto: hutaga mayai kwenye manyoya machafu au yenye unyevu, na funza huweza kuanguliwa katika muda usiozidi siku moja na kuanza kuila ngozi. Weka chandarua juu ya kizimba na ukague sehemu za nyuma mara mbili kwa siku.

Suala la kola ya plastiki shingoni linastahili neno la ziada. Sungura hutoa aina mbili za kinyesi: punje kavu, na kile laini chenye kung'aa kama kichala kidogo cha zabibu, ambacho hukila moja kwa moja kinapotoka kwa sababu kina protini na vitamini. Akivishwa kola hawezi kukifikia, hawezi kujisafisha, na wengi huacha kula kabisa kwa mfadhaiko. Ndiyo maana madaktari wengi wanaowafahamu sungura hufunga mshono kwa nyuzi zilizozikwa ndani ya ngozi ili kola isihitajike. Kulamba mshono mara moja moja si tatizo. Kutafuna na kuvuta nyuzi ni tatizo. Ikibidi kuvaa kitu, uliza kwanza kuhusu fulana laini ya kufunika tumbo. Pamba alivishwa kola hospitalini, akakaa nayo saa nne za mwanzo bila kusogea. Tuliporuhusiwa kwa simu kuivua, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuosha uso.

Dume, jike, na mwenzake

Dume aliyehasiwa hupona haraka, mara nyingi hula jioni ileile. Mifuko ya korodani inaweza kuvimba kidogo kwa siku chache. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mbegu hubaki kwenye mirija, na anaweza kumpa jike mimba kwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuhasiwa. Kwa kipindi hicho chote asikae na jike ambaye hajahasiwa, hata kwa dakika chache.

Kwa jike, upasuaji huingia ndani ya tumbo na unahitaji subira zaidi. Ni upasuaji wenye thamani kubwa, kwa kuwa saratani ya mji wa mimba ni ugonjwa unaowapata mara nyingi sana majike wasiohasiwa wanapovuka umri wa miaka 4. Mpe angalau siku 10 bila kuruka.

Sungura wanaoishi wawili wasitenganishwe ovyo. Anayerudi hunuka dawa na hospitali, na mwenzake aliyebaki nyumbani anaweza kumwona mgeni na kumshambulia. Ni vyema wasafiri wote wawili, na wakae pamoja mara mgonjwa anapokuwa macho kabisa, ikiwa mwenzake ni mpole na hampandi wala hamvuti nyuzi. Ikiwa si mpole, waweke kwenye vizimba vinavyopakana wanusane kupitia wavu, na uwabadilishie mataulo, la huyu apewe yule. Faida ya mwenzake ni kubwa: sungura anayesita kula hula akimwona mwingine anakula. Tatizo ni kwamba punje za kinyesi hutajua ni za nani, kwa hiyo usiku wa kwanza ni bora wavu uwepo katikati.

Unapolazimika kumbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ubebe makalio yote, mwili ukiegemea kwako. Mifupa ya sungura ni myepesi na misuli ya nyuma ina nguvu. Teke moja la hewani laweza kuvunja mgongo wa chini.

Daftari na mizani

Mpime uzito kila siku saa ileile kwenye mizani ya jikoni, akiwa ndani ya bakuli pana lenye taulo. Andika uzito, alichokula, punje za kinyesi kwa makadirio, mkojo, na saa za dawa. Kushuka kidogo siku ya kwanza kunaeleweka. Uzito ukiendelea kushuka hadi upungue kwa karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa kabla ya upasuaji, mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana kula.

Kuhusu mkojo, wengi hushtuka wakiona rangi nyekundu au ya kahawia juu ya taulo. Mimea huleta rangi hiyo kwenye mkojo wa sungura bila ugonjwa wowote, na mkojo wake pia huwa na ukungu mweupe wa chokaa. Damu hutofautishwa kwa kipimo cha karatasi ambacho daktari hukifanya kwa dakika moja. Chukua tone kwenye sirinji, wala usikae ukikisia, hasa kama alifanyiwa upasuaji wa kibofu au mji wa mimba.

Kurudi kwa daktari

Miadi ya kwanza huwa kati ya siku ya pili na ya tano. Usiiache kwa sababu anaonekana mzima. Daktari atampima uzito na joto, atasikiliza moyo na mapafu, na ataweka kifaa chake tumboni kusikiliza utumbo, ambao ukiwa mzima hutoa milio midogo midogo kila baada ya muda mfupi. Atabonyeza tumbo kwa vidole kutafuta gesi au donge, atakagua mshono, na akiwa makini ataangalia pia macho, kwa sababu sungura hubaki na macho wazi akiwa kwenye nusukaputi na kioo cha jicho huweza kukauka na kujeruhiwa. Jicho linalotoa machozi au linalofumbwa upande mmoja baada ya upasuaji litaje hata kama hukuulizwa. Vilevile taja pumzi yenye mkoromo, kwani mpira wa kupumulia huweza kuwasha koo.

Nenda na daftari, picha za mshono, punje chache za kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kifuko, na video fupi ya sungura akila au akijikunyata nyumbani. Video hiyo ina maana kubwa, kwa sababu mezani kwa daktari sungura huganda kwa woga na huficha yote uliyoyaona. Ikiwa kulikuwa na uvimbe au kiungo kilichotolewa, uliza kama kilipelekwa maabara na majibu yatatoka lini, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayoamua uchunguzi wa baadaye.

Miadi ya pili, siku ya 10 hadi ya 14, ni ya kutoa nyuzi kama si za kuyeyuka, na kuamua kama mipaka ya mwendo iondolewe. Baada ya hapo ratiba hutegemea aina ya upasuaji. Aliyetolewa mawe kwenye kibofu atahitaji eksirei ya kufuatilia, kwa sababu mawe hurudi. Aliyeunganishwa mfupa atapigwa eksirei baada ya wiki kadhaa. Aliyetengenezwa meno atarudi pengine maisha yake yote, kwani meno ya sungura hayaachi kukua. Yale ya mbele huongezeka takribani milimita 2 hadi 3 kila wiki, na ugonjwa wa magego hauonekani bila kifaa chenye taa.

Ukishapewa ruhusa, mpanulie eneo hatua kwa hatua: siku ya kwanza chumba kimoja bila vitu vya kurukia, kisha baada ya siku tatu nne rudisha jukwaa la chini, na lile la juu liwe la mwisho. Punguza majani mabichi ya kubembelezea na uache nyasi kavu ziwe tena chakula chake kikuu. Manyoya ya sehemu iliyonyolewa huchukua wiki nyingi kurudi, nayo hurudi kwa mabaka. Ngozi inaweza kugeuka ya kijivu au ya bluu iliyofifia siku chache kabla ya manyoya kuchomoza. Hiyo ni rangi ya manyoya yanayokuja. Usiipake kitu.